Kuisoma chupa kuukuu ya wiski: anza mdomoni, malizia kitakoni

Kazi yangu hapa Columbus, Ohio, ni kuhamisha vitu kwenye nyumba ambazo wenyewe wamefariki au wamehamia kwa watoto wao. Familia ikishachukua inachokitaka, kilichobaki ni cha kutupa. Na katika vile vyumba vya chini ya ardhi, nyuma ya makopo ya rangi iliyokauka na mashine ya kufulia iliyokufa, chupa tupu za pombe hazikosekani. Mwaka wa kwanza nilizitupa zote. Kisha siku moja mzee anayeuza vitu vikuukuu gulioni aliniona nimebeba moja, akaiomba, akaipindua, akapitisha kidole gumba kitakoni na kusema, "Hii ya 1942." Lebo haikuwepo hata kipande.

Mama yangu, aliye Tanga, aliposikia nimeanza kukusanya chupa alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza: "Mwanangu, ndiyo Marekani hiyo?" Nikamweleza kwamba ni chupa tupu, pombe haimo. Hakuridhika sana.

Nitaeleza hapa jinsi ya kusoma chupa za pombe kali za Marekani, hasa za wiski. Nimezichagua hizo kwa sababu serikali ya huko iliwalazimisha watengenezaji kuandika mambo kwenye kioo chenyewe, na kioo hakichaniki kama lebo. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: alama moja peke yake haikupi mwaka, inakupa mpaka. Moja inasema "si kabla ya hapa", nyingine inasema "si baada ya pale", nawe unatafuta mahali mipaka inapokutana. Alama zikigombana, iamini iliyo changa kuliko zote. Chupa ya 1920 haiwezi kubeba alama iliyobuniwa 1940, lakini ya 1940 inaweza kubeba jina, umbo au tarehe yoyote ya zamani.

Vitu vya kuwa navyo

Tochi ya simu, lenzi ndogo ya kukuzia, kipande cha chaki na daftari. Basi.

Chaki ndiyo siri ya kazi. Maandishi ya chupa za zamani yameinuka kutoka kwenye kioo, na miaka ya kusuguana na rafu huyafuta, hasa kitakoni. Paka chaki juu yake kwa ubavu, kisha futa kwa kiganja kikavu, taratibu. Unga unabaki pembezoni mwa herufi na tarakimu inajitokeza. Kama huna chaki, unga wa ngano unafaa. Tochi usiimulike kwa mbele. Ilaze ubavuni mwa chupa ili mwanga upite sambamba na kioo, utaona hata yale ambayo chaki imeshindwa.

Kabla ya kuosha, angalia kama kuna karatasi yoyote: lebo, au utepe wa stempu shingoni. Kama ipo, usiiloweshe, futa vumbi tu. Kama haipo, osha kwa maji vuguvugu. Chupa iliyotoka kwenye baridi ukiimwagia maji ya moto itapasuka mikononi mwako. Na ukikuta kuna kinywaji kimebaki ndani, usionje. Watu walihifadhi hata dawa ya wadudu katika chupa za wiski.

Hatua ya 1: Fuata mshono

Weka ukucha begani mwa chupa, pale ubavuni ambapo utaona mstari mwembamba, upandishe shingoni hadi mdomoni. Mstari huo ni mshono, alama ya pale ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Swali ni moja: unafika hadi juu ya mdomo na kuuvuka, au unafifia kabla?

Ukivuka mdomo, chupa imetengenezwa na mashine. Ukififia shingoni, ilipulizwa na mtu. Sababu yake ni hii. Zamani fundi alipuliza kioo cha moto ndani ya kalibu kwa bomba la chuma, akakikata kutoka kwenye bomba, kisha mdomo akautengeneza mwishoni kwa koleo maalumu alilolizungusha. Kuzungusha huko ndiko kulikofuta mshono wa juu. Ukiangalia kwa lenzi utaona mikwaruzo laini inayozunguka shingo kama pete. Mashine inafanya kinyume: mdomo ndio unaofinyangwa kwanza, ndani ya kalibu yake yenyewe, ndiyo maana mshono unaupanda wote, na mara nyingi kuna mshono mwingine unaozunguka shingo chini kidogo ya mdomo.

Mashine ya kwanza ya kujiendesha yenyewe iliyofanikiwa ni ya Michael Owens wa Toledo, mji ulio hapa hapa Ohio, mwaka 1903. Huyu aliingia kiwanda cha vioo akiwa mtoto wa miaka 10, kwa hiyo kazi ya kupuliza aliijua kwa jasho. Kufikia miaka ya 1920 chupa za kupulizwa kwa mdomo zilikuwa zimebaki chache sana Marekani. Kwa hiyo mshono uliovuka mdomo unakuambia si kabla ya 1903, na mara nyingi ni baada ya 1910.

Utasikia watu wakisema kadiri mshono unavyopanda juu ndivyo chupa inavyokuwa changa: ukiishia begani ni ya 1860, ukiishia katikati ya shingo ni ya 1880, na kuendelea. Si kweli. Mshono wa chupa iliyopulizwa uliishia pale koleo la fundi lilipofikia, na kila fundi na mkono wake. Chupa mbili za siku moja zinaweza kutofautiana kwa sentimita nzima.

Kuna tofauti moja ya kweli ya kutazama kwenye chupa za kupulizwa. Kama mdomo unaonekana kama ukanda wa kioo uliobandikwa, umemwagikia kidogo juu ya shingo na mshono umekatika ghafla chini yake, mdomo huo uliongezwa kwa kioo kipya. Kwa Marekani hiyo mara nyingi ni kabla ya 1890. Kama mshono umefifia polepole bila ukingo, mdomo ulifinyangwa kutoka kwenye shingo yenyewe, na hapo uko kati ya miaka ya 1870 na Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ukikosa mshono kabisa, usiruke kwa furaha. Mafundi wengine walizungusha chupa ndani ya kalibu iliyolowanishwa ili mshono ufutike. Utaona mistari hafifu ya kuzunguka mwili mzima.

Hatua ya 2: Pindua chupa

Kitako kinaweza kuwa na kovu. Kovu lenye ncha kali katikati, kama kioo kimevunjwa pale, linatokana na fimbo ya chuma iliyoishikilia chupa wakati fundi akimalizia mdomo. Kwa Marekani hiyo ni dalili ya kabla ya miaka ya 1860 au karibu na hapo. Sijawahi kuiokota moja katika nyumba yoyote niliyosafisha. Nimeishika mezani kwa mtu, ndani ya sanduku la kioo.

Kovu la pili ni la kawaida zaidi na wengi huliona kama kasoro: duara lenye kingo zilizochanikachanika, mara nyingi halikukaa katikati, sehemu yake imepanda hadi kwenye kisigino cha chupa. Hilo ni la mashine ya Owens, ambayo ilifyonza kioo kutoka kwenye tanuri kisha kisu kikakikata. Ukiliona, una chupa ya mashine ya nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Hatua ya 3: Tafuta sentensi ya serikali

Hapa ndipo chupa za Marekani zinapowazidi wenzao wote. Begani, au mgongoni, soma kama kuna maneno haya kwa herufi kubwa zilizoinuka: FEDERAL LAW FORBIDS SALE OR REUSE OF THIS BOTTLE. Maana yake ni kwamba sheria ya shirikisho inakataza kuuza au kutumia tena chupa hii.

Ili uelewe kilichowafanya waandike hivyo, kumbuka kwamba Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933. Wiski halali iliyobaki ilikuwa ya dawa, kwa cheti cha daktari, painti moja kwa siku kumi. Nyingine yote ilikuwa ya magendo, na njia rahisi ya kuuza gongo ni kuitia ndani ya chupa yenye jina zuri. Marufuku ilipoondolewa, serikali ilitaka ushuru wake, ikaamua kuiua biashara ya chupa za kujazwa upya. Kuanzia 1935 kila chupa ya pombe kali ikalazimika kubeba sentensi hiyo. Sharti liliondolewa 1964.

Sisi tuliokua tukinunua asali ndani ya chupa ya Konyagi na mafuta ya taa ndani ya chupa ya bia tunaona ajabu kidogo. Lakini kwa kazi yetu sentensi hii ni dhahabu: ipo, basi uko kati ya 1935 na 1964, ukiacha kalibu chache za zamani zilizoendelea kutumika kidogo baada ya hapo. Haipo na mshono umevuka mdomo, basi ni kabla ya 1935 au baada ya 1964, na hizo ni rahisi kutenganisha kwa umbo la mdomo na kwa hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Soma kitako, tarakimu kwa tarakimu

Kiwanda cha vioo na kiwanda cha wiski ni vitu viwili. Alama ya kitakoni mara nyingi ni ya aliyefinyanga chupa, si ya aliyeijaza.

Alama utakayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni ya Owens-Illinois, na historia yake inasomeka kama ndoa. Kampuni ya Illinois Glass ya mji wa Alton ilitumia herufi I ndani ya umbo la almasi. Kampuni ya Owens ilitumia O ndani ya mraba. Zilipoungana 1929, alama zikaungana pia: almasi, juu yake duara refu la O, katikati I. Alama hiyo ilidumu hadi karibu 1954, walipoitoa almasi wakabakiza I ndani ya O. Kwa hiyo kwa kuitazama tu umeshajua: I na almasi peke yake, kabla ya 1929 au kandokando yake, almasi na O na I, kati ya 1929 na katikati ya miaka ya 1950, O na I bila almasi, baada ya hapo.

Nyingine mbili za kukariri: H iliyokaa juu ya A ni ya Hazel-Atlas, na nanga yenye H ni ya Anchor Hocking, iliyozaliwa kwa muungano wa 1937, kwa hiyo nanga hiyo haiwezi kuwa ya mapema kuliko mwaka huo.

Sasa tarakimu. Kwenye chupa za Owens-Illinois tarakimu ya kushoto ya alama ni ya kiwanda: 7 ni Alton, 9 ni Streator, vyote jimbo la Illinois. Ya kulia ni mwaka. Ya chini ni namba ya kalibu, haina uhusiano wowote na mwaka. Nimeona mtu akiuza "chupa ya 1916" kwa sababu chini ya alama pana 16. Almasi yenyewe na ile O zilikuwa zinamkana.

Tatizo ni kwamba mwanzoni mwaka uliandikwa kwa tarakimu moja. Ukikuta 2, ni 1932, 1942 au 1952? Hapo ndipo unapozilinganisha alama. Chupa ile ya mzee wa gulioni, ambayo hatimaye aliniachia nikaondoka nayo, niliichunguza tena nyumbani kwa chaki. Kushoto 7, kulia 2, katikati almasi na O na I. Chini yake neno Duraglas kwa mwandiko wa mkono ulioinuka. Neno hilo Owens-Illinois walianza kulitumia 1940, kwa hiyo 1932 ikaanguka. Sentensi ya serikali begani ikaruhusu 1942 na 1952 pia. Iliyokata shauri ni mstari mwingine kabisa, karibu na ukingo: herufi D na namba, halafu namba nyingine, kistari, na 42.

Mstari huo ni wa pombe tu, hutauona kwenye chupa ya maziwa. Baada ya 1935 kila chupa ya pombe kali ilibeba namba za vibali. D ni ya mwenye kiwanda cha kupika pombe kali, R ni ya anayechanganya na kurekebisha pombe ya wengine. Ile jozi yenye kistari ni ya kiwanda cha vioo: kwanza namba ya kibali chake, kisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Kwenye chupa yangu namba ya kwanza imesuguliwa hadi haisomeki, lakini 42 ipo wazi kama ya jana. Mzee yule aliisoma kwa kidole gumba. Mimi nilihitaji chaki, tochi na nusu saa.

Hatua ya 5: Kama karatasi imebaki

Karatasi ikiwepo, pitia haraka mambo haya.

Ujazo: "4/5 QUART", yaani mililita kama 757, ni kipimo cha kabla ya 1980. Kuanzia Januari 1980 pombe kali yote ililazimika kuwa ya mililita, ndipo 750 ilipokuwa kawaida. Mabadiliko yalianza 1976, kwa hiyo mililita peke yake inamaanisha si kabla ya hapo.

Anwani: msimbo wa posta wa tarakimu tano baada ya jina la jimbo ulianza Julai 1963. Onyo la serikali kuhusu mimba na kuendesha gari lilianza Novemba 1989. Ukiliona, chupa hiyo si kuukuu, rudisha kwenye mfuko wa taka.

Stempu ya ushuru, ule utepe unaopita juu ya kifuniko na kushuka pande zote mbili za shingo, ilikoma 1985. Wa kijani ni wa wiski iliyolindwa ghalani chini ya sheria ya 1897: angalau miaka minne na nguvu ya asilimia 50. Ukibahatika kuupata mzima, umeandikwa msimu na mwaka wa kutengenezwa wiski, na msimu na mwaka wa kutiwa chupani. Unaotaka wewe ni huo wa pili.

Mitego

Tarehe kubwa iliyofinyangwa kwenye chupa au kuchapishwa mbele ya lebo ni mara chache sana tarehe ya chupa. Chupa mashuhuri kuliko zote katika mambo haya ni ile ya E.G. Booz wa Philadelphia, yenye umbo la kibanda cha magogo, iliyoandikwa 1840. Zilitengenezwa miaka ya 1860, na Whitney Glass Works wa Glassboro, New Jersey. Halafu kuanzia miaka ya 1930 zikaigwa tena na tena kwa ajili ya mapambo. Mimi nilinunua moja kwa dola 40 kando ya barabara, nikaendesha gari nikiimba. Nilipofika nyumbani nikapitisha ukucha: mshono ukavuka mdomo. Bado ipo dirishani, nimeiwekea ua la plastiki. Hata 1870 iliyo kwenye Old Forester ni mwaka jina hilo lilipoanza, si umri wa chupa uliyoishika.

Rangi nayo hudanganya. Kioo cheupe cha tangu miaka ya 1880 hivi hadi Vita vya Kwanza kilitiwa manganizi ili kisiwe na ukijani, na jua likikipiga miaka mingi kinageuka zambarau hafifu. Hiyo ni dalili nzuri. Lakini ukiona zambarau iliyokolea kama juisi ya zabibu, kuna mtu ameipitisha kwenye mionzi ili aiuze ghali.

Na kuhusu bei nisikufiche: chupa nyingi zenye sentensi ya FEDERAL LAW zinauzwa dola chache tu. Zilifinyangwa kwa wingi mno. Ukikusanya kwa ajili ya pesa utachoka mapema.

Kwa walio Pwani

Ukiokota chupa ufukweni au ukaichimbua kwenye msingi wa nyumba, hatua ya 1 na ya 2 zinakufaa, lakini miaka yake isogeze mbele, kwa kuwa Ulaya ufundi wa mkono uliendelea zaidi. Chupa ya pembe nne, ya kijani kibichi kilichokolea, pana mabegani na nyembamba kitakoni, ni ya jini. Nazungumzia kinywaji, si yule wa taa ya Alaudini. Nyingi zilitoka Schiedam, Uholanzi, na zilifinyangwa hivyo ili zipangike vizuri ndani ya kasha. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliibana biashara ya pombe kali kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, nasi tuko katikati kabisa, ila kubana si kuziba.

Chupa ya duara nyeusinyeusi yenye mshono unaozunguka bega na mingine miwili inayopanda kutoka hapo, angalia kitakoni kama pana RICKETTS na BRISTOL. Henry Ricketts alipata hataza ya kalibu hiyo ya vipande vitatu mwaka 1821. Hiyo usiikwaruze hata kwa chaki, ifunge kwenye kitambaa.

Nilipokwenda nyumbani mwaka juzi nilimpelekea mama ile ya 1942, nikidhani ataiweka kabatini na sahani za wageni. Aliisafisha kwa majivu, akaisugua hadi ikang'aa, akaijaza mafuta ya nazi ya nywele na kuikalisha juu ya friji. Nikamsomea maneno ya begani, kwamba serikali ya Marekani inakataza kuitumia tena. Akauliza sheria hiyo bado ipo. Nikamwambia sharti la kuyaandika maneno hayo liliondolewa 1964. "Basi," akasema, "niletee nyingine mbili."